Kijiji cha Eyam kilivyojifungia na tauni, 1665 hadi 1666: uchambuzi wa kisa

Kisa chenyewe na kwa nini nimekichagua

Eyam ni kijiji kwenye milima ya Derbyshire huko Uingereza, na wengi waliowahi kukisikia wamesikia stori moja tu, kwamba tauni iliingia, wanakijiji wakaamua wenyewe kujifungia ili wasiwaambukize majirani, wakafa kwa mamia na majirani wakasalimika. Kwa sehemu kubwa ni kweli na mimi nawaheshimu sana wale watu, ila ukiisoma kama mtu anayetaka kujua karantini inafanyaje kazi utaona stori inaruka mambo mawili makubwa. La kwanza ni chakula, watu walikula nini miezi yote ile? La pili ni kilichokuwa kinaendelea ndani ya nyumba wakati njia za kutoka zimefungwa. Mimi naona jibu la kisa kizima liko kwenye hayo mawili.

Majina ya familia za kawaida nimeyaondoa, watu hao nimewataja kwa kazi zao au mahali walipoishi. Viongozi nimewaacha na majina yao kwa sababu maamuzi yalikuwa yao. Na kabla hatujaanza, ujue kwamba rejista ya mazishi ya kanisa na barua za mchungaji ndio maandishi ya wakati ule, lakini stori nyingi za mtu mmoja mmoja zilikaa midomoni mwa watu zaidi ya miaka mia ndio zikaandikwa, kwa hiyo nikisema "inasimuliwa" ujue ni hizo.

Hali ilivyokuwa kabla

Mwaka 1665 London ilikuwa kwenye hali mbaya sana. Hesabu rasmi za jiji zilirekodi vifo zaidi ya 68,000 vya tauni mwaka huo mmoja, na inaaminika waliokufa ni wengi zaidi ya hapo kwa sababu familia zilikuwa zinaficha. Zilificha kwa nini? Kwa sababu nyumba ikigundulika ina mgonjwa inafungwa siku 40, mlangoni unachorwa msalaba mwekundu na kuandikwa maneno ya kumwomba Mungu awahurumie, mlinzi anawekwa nje, na wazima wanabaki humo humo na mgonjwa wao. Wenye uwezo walihama, mfalme Charles wa Pili naye akaondoka na watu wake mpaka Oxford. Miji mingine nayo iliguswa vibaya, Colchester ambao ulikuwa mji wa wafumaji ulizika karibu nusu ya watu wake kati ya 1665 na 1666. Kwa hiyo Eyam haikuwa peke yake kufa.

Sheria nayo ilikuwepo, tangu 1604. Mtu wa nyumba iliyofungwa kwa tauni akitoka bila ruhusa akajichanganya na watu anachapwa viboko kama mzururaji, na akitoka akiwa na kidonda cha tauni mwilini anaweza kunyongwa. Weka hilo kichwani, maana tutalirudia kwenye suala la hiari.

Eyam yenyewe ilikuwa ya wachimba madini ya risasi, wakulima na wafugaji wa kondoo, mbali na London kwa zaidi ya kilomita 200. Idadi ya watu inabishaniwa mpaka leo. Simulizi za zamani zinasema walikuwa kama 350, ila watafiti waliopitia rejista na orodha za kodi wanaona walifika kama 700 au zaidi, na mimi naenda na hao wa pili kwa sababu wametumia makaratasi ya wakati ule.

Halafu kuna mgogoro wa kanisa, ambao watu wengi wanaupita haraka na mimi naona ni nusu ya kisa. Mchungaji wa zamani, Thomas Stanley, aliondolewa kwa sababu alikataa kufuata kitabu cha sala na taratibu mpya ambazo serikali ililazimisha mwaka 1662. Wanakijiji wengi walimpenda na mawazo yake ndio yalikuwa yao. Mwaka 1664 akaletwa William Mompesson, kijana ambaye hata miaka 30 hajafikisha, ana mke anaitwa Catherine na watoto wawili wadogo, na anafuata taratibu zile zile ambazo watu wamezikataa. Yani jamaa ana cheo lakini watu hawako naye, na mwenzake ana watu lakini cheo hana.

Mambo yalivyoanza

Mwishoni mwa Agosti 1665 mshonaji wa kijiji alipokea furushi la vitambaa kutoka London. Inasimuliwa kwamba msaidizi wake alilifungua, akakuta vitambaa vina unyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Sisi leo tunajua maana yake. Viroboto waliokuwa wamejificha kwenye vile vitambaa walipata joto wakaamka, na kiroboto mwenye njaa anauma chochote kilicho karibu. Vijidudu vya tauni (kitaalamu vinaitwa Yersinia pestis, viligunduliwa Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 2016 vilithibitishwa kwenye mifupa ya watu waliozikwa London wakati wa tauni ile ile ya 1665) vinaingia kwa kuumwa huko, vinakimbilia kwenye tezi, mtoki unavimba kinenani, kwapani au shingoni, homa inapanda na mtu anaweza kufa ndani ya siku chache. Wao hawakujua chochote kati ya hayo, waliamini ni hewa chafu na hasira ya Mungu.

Rejista inaonyesha yule msaidizi alizikwa tarehe 7 Septemba 1665. Alikuwa mpangaji kwenye nyumba ya mama mmoja ambaye mume wake wa kwanza alishafariki akamwachia watoto wawili wa kiume. Watoto wote wawili wakafuata ndani ya wiki chache. Halafu ikaingia nyumba za jirani, upande huu na upande ule wa barabara, na mwezi Oktoba peke yake wakazikwa watu 23.

Kisha baridi ikaja na vifo vikashuka, miezi yote ya baridi ilikuwa chini ya kumi kwa mwezi na Mei 1666 vikafika vinne tu. Hapo ungekuwa wewe ungesema nini? Ungesema imeisha. Na watu wengi walisema hivyo, baadhi ya waliokuwa na uwezo walikuwa wameshaondoka lakini waliobaki wakaanza kupumua, kazi za mashamba zikarudi. Kumbe viroboto na panya walikuwa wanasubiri joto. Juni wakazikwa 19.

Maamuzi ya Juni 1666 na sababu zake

Hapa ndipo watu walipoanza kutaka kukimbia kwa wingi, na Mompesson akaona kwamba wakitawanyika Derbyshire nzima itaungua, pamoja na Sheffield na miji mingine iliyo karibu. Ila alijua pia kwamba akisimama peke yake kuwaambia wasiondoke hatasikilizwa. Akamwendea Stanley. Hawa walikuwa watu wawili ambao kidini na kisiasa walikuwa pande mbili zinazochukiana, nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa mambo hayo hayo, na Stanley alikuwa ameshapokonywa riziki yake. Wakakaa wakakubaliana, kisha wakasimama mbele ya watu pamoja wakasema kitu kimoja. Mambo yaliyoamuliwa yalikuwa matatu.

La kwanza, mazishi. Hakuna tena maiti kupelekwa kwenye makaburi ya kanisa, kila familia izike watu wake kwenye bustani yake au shamba lake, haraka, bila mkusanyiko. Usilichukulie jambo hili kirahisi, kwa Mkristo wa wakati ule kuzikwa nje ya ardhi ya kanisa lilikuwa jambo zito mno, na sisi tunaojua uchungu wa kuzika ndugu bila taratibu zake tunaelewa walichoombwa.

La pili, kanisa likafungwa na ibada zikahamia nje, kwenye korongo moja lenye majani na mawe ya chokaa linaloitwa Cucklet Delf. Familia zilisimama mbali mbali na Mompesson akihubiri kutoka kwenye mwamba. Yeye alichokuwa anakwepa ni hewa ya ndani, ila kitendo chenyewe kilikuwa sahihi hata kwa akili ya leo.

La tatu ndio mpaka. Wakachora mstari unaozunguka kijiji, kama nusu maili hivi kutoka katikati, na wakakubaliana hakuna anayetoka wala anayeingia mpaka tauni iishe.

Sasa chakula. Kabla ya kuwaomba watu wajifungie Mompesson alikuwa na kitu mkononi. Earl wa Devonshire, mwenye ardhi kubwa aliyekuwa anaishi Chatsworth maili chache kutoka pale, alikubali kusaidia kijiji kupata chakula na mahitaji ilimradi watu wabaki ndani. Vitu vililetwa mpaka mpakani vikaachwa, aliyeleta akiondoka ndio wa kijijini wanakuja kuchukua. Kwa vile vilivyolipiwa kulikuwa na sehemu maalumu za kuacha pesa, na mbili zipo mpaka leo. Moja ni kisima kwenye barabara iliyo juu ya kijiji, sarafu zinawekwa kwenye maji. Nyingine ni jiwe la mpaka kwenye njia ya kwenda kijiji cha Stoney Middleton, jiwe kubwa tu lililolala kwenye majani, limetobolewa vishimo juu yake, kingo zake zimelainika kwa kushikwashikwa miaka yote hii. Vishimo vilijazwa siki na sarafu zikatumbukizwa humo.

Wengi wakifika kwenye siki wanauliza kama iliua vijidudu. Mimi nadhani swali hilo linapita pembeni. Tauni haikuwa inasafiri kwa sarafu, ilisafiri kwa viroboto na kwa wagonjwa. Kazi kubwa ya ile siki ilikuwa kumfanya muuzaji akubali kuigusa ile pesa. Bila siki mwenye mkate haji, mkate usipokuja mtu mwenye watoto wenye njaa anavuka mstari, na mstari ukivukwa na mmoja umekwisha. Muuzaji aliamini siki, wanakijiji wakala, na mpaka ukashika.

Kuna uamuzi mmoja zaidi, wa nyumbani kwa mchungaji mwenyewe. Catherine alitaka waondoke wote. Mompesson alikataa kuondoka, akataka mke wake na watoto waende. Watoto wakapelekwa kwa ndugu kabla mpaka haujafungwa, Catherine akabaki na mumewe. Wapo wanaomlaumu Mompesson kwa hili, kwamba aliwatoa wa kwake kisha akawafungia wa wenzake. Lawama hiyo ina uzito, siwezi kuifuta. Lakini mke wake na yeye mwenyewe walibaki ndani ya mstari na watu walikuwa wanawaona kila siku.

Julai na Agosti

Julai walikufa 56. Agosti zaidi ya 70. Ukichukua kijiji cha watu 700 ukatoa zaidi ya 120 ndani ya miezi miwili, hakuna tena wa kuvuna, wa kukamua ng'ombe wala wa kuchimba makaburi.

Kwenye kuchimba makaburi anatajwa mchimba madini mmoja, mtu mwenye nguvu, ambaye aliugua mwanzoni akapona akaamini haitamgusa tena. Familia iliyoishiwa nguvu ilimwita, naye inasimuliwa alikuwa anachimba shimo bustanini na kumburuta maiti kwa kamba ili asimshike, na malipo yake yakawa ni nguo na vitu vya marehemu. Mke wake na mtoto wake wa kiume walikufa Agosti hiyo hiyo. Nguo za wagonjwa zilikuwa zinaingia nyumbani kwake, na tauni ile ile ilikuwa imekuja kijijini ndani ya vitambaa. Hakuna aliyeunganisha hayo mawili kwa wakati, na inaniuma kila nikisoma.

Halafu kuna mama wa Riley. Riley ni shamba lililo juu kidogo pembeni ya kijiji, nyumba zilikuwa chache na zimetengana. Kuanzia tarehe 3 Agosti mpaka tarehe 10 yule mama alizika mume wake na watoto sita. Siku nane. Hakuna jirani aliyesogea, alichimba mwenyewe na kuwavuta mwenyewe mpaka shambani karibu na nyumba, na inasimuliwa watu wa Stoney Middleton walikuwa wanamwona kwa mbali kutoka mlimani. Yale makaburi yapo mpaka leo, yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe. Alibakiwa na mtoto mmoja ambaye alikuwa Sheffield akijifunza kazi, na baadaye mama akaenda kuishi naye. Yeye mwenyewe hakuugua, au kama aliugua alipona, baada ya kuwauguza na kuwazika watu saba.

Catherine Mompesson alikuwa anazunguka nyumba za wagonjwa na mumewe. Alikufa tarehe 25 Agosti, ana miaka 27. Mompesson aliandika barua kwa watoto wake kuwaeleza kifo cha mama yao, na nyingine kwa rafiki yake mwenye cheo akiwa anaamini kabisa kwamba anayefuata ni yeye.

Na wale waliojaribu kutoka? Inasimuliwa mwanamke mmoja alivuka akaenda soko la Tideswell, akatambuliwa kwamba ni wa Eyam, watu wakampigia kelele za tauni na kumrushia matope na vyakula mpaka akarudi mbio. Huko Sheffield nako hesabu za mji za mwaka ule zina malipo ya watu waliowekwa kuzuia wengine kwa ajili ya tauni ya Eyam. Kwa hiyo mstari ulikuwa unalindwa na pande zote mbili.

Matokeo

Septemba vifo vikashuka, Oktoba vikashuka zaidi, na wa mwisho anayehesabiwa alizikwa tarehe 1 Novemba 1666. Tarehe 20 Novemba Mompesson akaandika barua ambayo ndiyo ripoti ya kisa hiki iliyoandikwa na aliyekuwepo. Anasema mji wake umekuwa Golgotha, kwamba familia 76 ziliguswa na watu 259 wakafa. Anasema mtumishi wake wa kiume alipata mtoki, akampa dawa, ukapasuka akapona. Anasema pia kwamba wiki hiyo anatumia muda wake mwingi kusimamia nguo zote za sufu zifukizwe moshi. Nguo, jamani, ndani ya barua ile ile ya kumaliza. Walikuwa wamechoma vitu vingi mpaka familia nyingine zikabaki na nguo walizovaa tu.

Nje ya mstari mlipuko haukutokea, vijiji vya jirani vilisalimika, na hilo ndilo lengo waliloliweka Juni. Ndani ya mstari zaidi ya theluthi ya watu walikuwa wamekufa, hapo ukihesabu watu 700, na ukihesabu 350 kama wazee walivyosimulia hali inakuwa mbaya kupita maelezo.

Stanley alifariki Eyam mwaka 1670, huko huko alikokataliwa na serikali. Mompesson alihamishiwa kanisa la Eakring, Nottinghamshire, na waumini wapya walimwogopa, inasimuliwa ilibidi kwanza akae kwenye kibanda nje ya kijiji mpaka woga uwatoke. Mtu aliyezuia tauni isiwafikie wengine alikataliwa kwa sababu ya tauni. Waliohudumia wagonjwa wa Ebola kule Congo wakarudi nyumbani wanaijua hali hii vizuri.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Naanza na chakula kwa sababu naona ndio nguzo. Watu wakisimulia Eyam wanasifia ujasiri, na ujasiri ulikuwepo, lakini ujasiri wa mtu mwenye watoto watano una mwisho wake na mwisho huo ni sufuria tupu. Mpangilio ule wa Earl, wa mawe, kisima na siki ulifanya kutii kuwe kitu kinachowezekana. Mwaka 2020 wakati wa corona tumeliona hili kwa macho yetu, Kampala serikali ililazimika kugawa posho na maharage kwa sababu huwezi kumfungia ndani mtu anayekula kwa kibarua cha leo. Mompesson, kijana, mgeni, wa karne ya 17, alitafuta chakula kwanza ndio akaomba watu wajifungie, na huo mpangilio wa mambo ndio ninaoona kuwa kazi yake bora kuliko mahubiri yoyote.

Pili ni wale viongozi wawili. Kama Mompesson angetegemea cheo chake nusu ya kijiji ingeondoka usiku ule ule. Alikubali kuonyesha mbele ya watu kwamba anamhitaji mtu ambaye serikali imemfukuza, na Stanley akakubali kumsaidia mtu aliyekalia nafasi yake. Sidhani kuna hatua nyingine ngumu kama hiyo kwenye kisa kizima, ukiacha alichofanya mama wa Riley.

Ibada za nje na mazishi ya haraka yalipunguza mikusanyiko. Sababu walizotoa zilikuwa za hewa chafu, matokeo yakawa mazuri hata hivyo.

Kuhusu hiari niseme hivi. Kuna wanaosema haikuwa hiari kwa sababu sheria ya 1604 ilikuwepo na Sheffield ilikuwa imeweka watu njiani, na kuna wanaosema ilikuwa hiari tupu. Mimi naona maskini wa Eyam hakuwa na pa kwenda, hilo ni kweli, milango ya nje ilikuwa imefungwa tayari. Lakini milima ile ni mikubwa na giza lipo, mtu akitaka kupita anapita, na hakuna jeshi lililozunguka kijiji. Mstari ulishika miezi mitano hivi kwa sababu watu waliukubali. Wasomaji Waislamu hapa watakuwa wameshakumbuka mafundisho ya Mtume kwamba ukisikia tauni iko mahali usiingie, na ikitokea mahali ulipo usitoke kuikimbia, mafundisho ambayo khalifa Umar aliyategemea wakati wa tauni ya Sham (eneo la Syria ya leo na jirani zake) karne ya 7. Wakristo wa Eyam walifikia uamuzi ule ule kwa njia yao.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Cha kwanza ni muda. Kati ya Oktoba na Mei walikuwa na miezi ya vifo vichache na hakuna mpango wowote wa pamoja uliowekwa. Najua hawakuwa na namna ya kujua kwamba kushuka kulitokana na baridi, lakini walijua kwamba London tauni ilikuwa inapanda wakati wa joto, taarifa hiyo ilikuwa ya kawaida wakati ule. Makubaliano ya Juni yangefanyika Machi ingesaidia.

Cha pili, na hiki ndicho kikubwa, mpaka uliwalinda walio nje na walio ndani hawakuwekewa kinga yoyote ya kulingana nayo. Mompesson kwenye barua yake anataja nyumba za kutengea wagonjwa, kwa hiyo jambo hilo halikuwa geni kwao, lakini ukifuata rejista ya mazishi unaona ukoo mmoja unajirudia, jina lile lile mara nne, mara sita, mara saba. Watu waliugulia nyumbani na kuuguzwa na wa nyumbani. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichukua tarehe za vifo na nani aliishi na nani, wakakokotoa, wakakadiria kwamba karibu robo tatu ya maambukizi yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu na robo tu ndio ilitoka kwa panya. Mtu kwa mtu hapo inaweza kuwa kwa kukohoa au kwa viroboto na chawa wanaohama kwenye nguo na matandiko ya pamoja. Na hatari kubwa ilikuwa ndani ya nyumba moja.

Kwa hiyo nyumba ya Riley haikuuawa na kijiji. Ilikuwa imetengana na wengine, mpaka kamili kabisa, na ndani yake wakafa saba. Kama kungekuwa na mahema au vibanda vya kutosha mlimani, na ilikuwa kiangazi hata kulala nje kunawezekana, mgonjwa akipata homa wazima wanatoka, na nguo zao kuukuu zinachomwa siku hiyo hiyo badala ya Novemba, nadhani Agosti ingekuwa tofauti. Sisemi vifo visingekuwepo. York mwaka 1604 walijenga vibanda vya mbao nje ya mji kwa ajili ya wagonjwa na bado walizika watu zaidi ya 3,000, kwa hiyo vibanda peke yake havitoshi.

Cha tatu ni mali za marehemu. Kumlipa mzishi kwa nguo za maiti kulikuwa ni kuisambaza tauni kutoka nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyelikataza. Mzishi angelipwa chakula kutoka kwenye kile cha Earl, familia yake ingekuwa kwenye hatari ndogo zaidi.

Kwa nini kisa hiki bado kina kazi

Tauni haijaisha duniani. Ituri kule Congo inatokea, West Nile ya Uganda imetokea, Madagascar ilikuwa na mlipuko mkubwa 2017, na Lushoto kwenye milima ya Usambara iliwasumbua watu kuanzia 1980 mpaka miaka ya 2000, waliougua wengi wakiwa watoto na wanawake. Tofauti na Eyam ni kwamba sasa inatibika kwa antibaotiki, mradi mtu awahi. Panya wakianza kufa ovyo nyumbani au shambani usiwashike kwa mkono, toa taarifa. Homa ya ghafla pamoja na mtoki unaouma, zahanati siku hiyo hiyo. Na siku hizi mgonjwa mmoja akithibitishwa wahudumu hawaanzi kwa kufunga kijiji, wanaanza na nyumba yake: wanaoishi naye wanapewa dawa za kinga hata kama hawana dalili, na viroboto wanapigwa dawa kwenye sakafu na matandiko kabla ya kuhangaika na panya wenyewe, maana panya akifa viroboto wake wanahamia kwa watu.